Mwalimu, goti la kushoto na pikipiki ya kwanza

Mwalimu alianguka akiwa hajaenda popote. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la gereji siku ile, na bado naona maneno hayo yanakibeba kisa chote. Alikuwa amesimama pembeni mwa barabara ya vumbi, injini inaunguruma, anasubiri ng'ombe wapite. Ng'ombe wakapita. Akaachia klachi, pikipiki ikaruka kidogo, ikazima, ikalalia upande wa kushoto, naye akaenda nayo. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye sifuri. Hasara: kifundo cha mguu kilichovimba wiki mbili, mkono wa klachi kupinda, indiketa moja, na mwanamke wa miaka 61 aliyeapa mbele ya wachungaji wawili kwamba chuma kile hatakigusa tena.

Nakieleza kirefu kwa sababu pikipiki ile nilimchagulia mimi.

Alinifundisha hesabu darasa la nne, hapa hapa Muheza. Alistaafu alipotimiza miaka 60 kama watumishi wengine wa serikali, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ikaingia kwenye shamba la machungwa, kilomita 11 kutoka mjini. Mwaka mzima alikuwa anakwenda shamba kwa bodaboda: elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi, na mvua ikinyesha bei anaijua dereva peke yake. Bei haikumuuma kama kusubiri. Kijana anamwambia "saa nane nipo hapa, Mwalimu," yeye anakaa chini ya mchungwa mpaka saa kumi na moja. Siku moja akaja gereji, akaitikia shikamoo yangu, akafuta benchi kwa pindo la kanga, akakaa. "Mwanangu, nataka yangu mwenyewe. Ila mimi si kijana. Nitafutie ya kukaa raha."

Tulipotelea hapo kwenye "raha". Mimi nilisikia siti. Nikawaza mgongo, shokapu, injini isiyotetemesha mikono. Sikumuuliza goti lake likoje, sikumuuliza huvaa nini akienda shamba, sikumwambia hata asimame nione urefu wake. Naye hakuwa na la kuniongezea, kwa kuwa maishani mwake alikuwa amepanda nyuma tu, na abiria wa nyuma anaujua mgongo wa dereva kuliko anavyoijua pikipiki.

Nikamwambia achukue cc 150 ya Kihindi, zile zile zinazojaa kila kijiwe. Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Spea zake zinapatikana mpaka vijijini, mafundi wote tunazijua kwa macho yaliyofumbwa, mafuta hazili sana, na siku ukitaka kuuza mteja yuko mlangoni. Zote hizo ni raha za fundi. Mwalimu alilipa, mpwa wake akaileta, na mimi nikafurahi kama niliyefaulu mtihani.

Baada ya siku chache akalalamika kwamba siti ni ngumu. Kweli ni ngumu kwa mtu wa kilo 58, kwani shokapu za nyuma za pikipiki hizi huja zimejiandaa kubeba dereva, abiria na pengine gunia katikati yao. Mtu mwepesi peke yake hazibonyezi. Kila jiwe linampanda kiunoni. Dawa yake ni bure: chini ya kila shokapu kuna pete yenye ngazi ngazi, unaizungusha kwa spana yake mpaka ngazi ya chini kabisa, pande zote mbili sawa, spring inalegea. Mimi nilikuwa na gari la mtu mezani siku hiyo, nikamwambia mpwa ampeleke kwa fundi siti. Fundi siti akafanya kazi safi: sponji mpya ya unene wa vidole viwili, ngozi nyeusi, mshono mwekundu. Nilipoiona niliisifu. Kila nikikumbuka sifa ile nataka kujificha.

Mpwa akamfundisha kwenye uwanja wa shule, Jumamosi tatu. Na hapa kuna kitu kilichotudanganya wote. Kwenda mbele, Mwalimu aliweza siku ya kwanza. Aliendesha baiskeli ujanani, mizani anayo, haogopi. Akiwa gia ya pili anazunguka goli hadi goli watoto wanapiga makofi, na sisi tuliokuwa tumeegemea ukuta tukaambizana kwamba huyu kaiva. Hakuna aliyegundua kwamba uwanja ule ni tambarare, kwamba kila alipotaka kusimama mpwa alikuwa akikimbia kumshikia karia, na kwamba kupanda alipanda kwa kukanyaga ngazi ya darasa. Alikuwa amefaulu somo jepesi kuliko yote. Pikipiki ikishatembea inajisimamia yenyewe.

Baada ya kuanguka nilikwenda kumjulia hali. Nilimchukulia mfuko wa machungwa, jambo la kijinga sana kumpelekea mtu mwenye shamba la machungwa. Alikuwa kwenye mkeka, mguu juu ya mto, hana hasira. Ni afadhali angekuwa na hasira. Akaniambia: "Nilitafuta ardhi sikuiona."

Nikaomba nipime. Yeye akasema mita yangu ya utepe imechakaa, akamtuma mjukuu alete rula ya ubao, ile ya mbao yenye mita moja kamili, ambayo nadhani serikali inaidai mpaka leo. Pikipiki ilikuwa imelazwa ukumbini. Tukaisimamisha wima, nikapima kutoka sakafuni hadi juu ya siti: sentimita 83. Kabla ya sponji ilikuwa 79. Kisha nikamweleza namna ya kujipima mguu: simama ukiwa pekupeku, mgongo ukutani, chukua daftari gumu, libane katikati ya mapaja hadi juu kabisa kama vile umekalia siti, weka alama ukutani kwenye ukingo wa juu. Akajikokota chumbani na mjukuu, akafunga pazia, akarudi akitangaza jibu kama anayesoma matokeo: "Sabini."

"Themanini na tatu toa sabini?"

"Kumi na tatu, Mwalimu."

"Basi hizo kumi na tatu nilikuwa nasimamia nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa haki, hesabu ya pikipiki si kali kiasi hicho. Ukikaa shokapu zinabonyea, kiatu nacho kinaongeza kidogo. Lakini siti ile ni pana kwa mbele, na siti pana inatanua mapaja, kwa hiyo mguu haushuki moja kwa moja, unapita kwa nje kwanza ndipo ushuke. Urefu unaosomwa kwenye karatasi ya duka hauonyeshi upana huo. Kwa Mwalimu ilikuwa ni ncha za vidole vya mguu mmoja, tena baada ya kujisogeza pembeni.

Tukaanza kulifukua jambo lenyewe, na lilivyofukuliwa nikaona halikuwa bahati mbaya hata kidogo. Barabara yetu ya udongo imejengwa kama mtumbwi uliopinduliwa: katikati juu, pembeni chini, ili maji yakimbie. Sisi tunaendesha kushoto. Ukisimama pembeni kupisha ng'ombe, mguu wako wa kushoto unatafuta ardhi iliyo chini kuliko ile ya kulia. Mguu wa kulia wenyewe una kazi, unashikilia breki ya nyuma. Mkono wa kushoto una klachi. Mguu wa kushoto ndio uliotoka kubadili gia. Na goti la kushoto la Mwalimu, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa fundi wake, lina baridi yabisi. Asubuhi za masika analikanda kwa mafuta ya karafuu kabla ya kusimama. Kila kitu kilimdai upande ule ule mmoja, kwa wakati mmoja, na upande wenyewe ndio mbovu.

Ongeza uzito. Pikipiki ya kilo 120 ikiwa wima unaweza kuishika kwa vidole viwili. Ikishainama kupita kiasi fulani, hata kijana wa kijiweni haizuii. Anachokuwa nacho yeye ni wayo mzima chini mapema, kabla haijafika huko. Mwalimu alikuwa na ncha za vidole. Klachi ilipoponyoka na injini kuzima, ule mruko mdogo ulitosha.

Nilianza na lililo rahisi. Nikang'oa ile sponji ya mshono mwekundu (fundi siti hakunisalimia wiki nzima), nikachonga hata ile ya kiwandani, nikaipunguza upana mbele, nikalegeza pete za shokapu. Tukafika 76. Mguu sasa ulikuwa unagusa kwa nusu wayo, na kama angekuwa na goti zima na viganja vyenye nguvu, pengine ningefunga faili hapo; kwa watu wengi wafupi kazi ya saa mbili ya kuchonga siti inatosha, na ni rahisi kuliko kubadili pikipiki. Mpwa akashauri tukate na shokapu. Nilikataa. Ukiishusha pikipiki kwa kukata, stendi inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, tumbo linagonga mawe, na ikiinama kwenye kona kitu cha kwanza kugusa chini hakitakuwa tairi.

Kilichobaki hakikuwa na uhusiano na urefu wa siti. Nilimwambia avae vile anavyovaa siku ya shamba, akaja na gauni refu, kanga ya juu na viatu vya mvua. "Panda." Akashika usukani, akainua mguu wa kulia kuupitisha juu ya karia. Ukaishia kwenye siti. Akajaribu kuinamisha pikipiki upande wake, ikamwelemea, nikaishika. Mara ya tatu akaomba kigoda. Akapanda kwa kigoda vizuri kabisa, akakaa, akatabasamu, kisha akakitazama kigoda kilichobaki chini, akanitazama mimi. Hatukuhitaji kusemezana. Shamba halina kigoda, wala dukani, wala pale ng'ombe wanapopita.

Wiki iliyofuata nikaazima. Kuna bwana shamba mstaafu ambaye ametunza Honda XL 125 yake ya kazini tangu enzi hizo, zile ndefu za taa ya mviringo zilizokuwa zikibeba maofisa wa kilimo na waganga milimani. Nilimpakia Mwalimu nyuma tukaenda mpaka korongo la mchanga na kurudi. Lazima niseme ukweli: kwa maana ya raha aliyoiomba kwenye benchi langu, hakuna pikipiki iliyoishinda ile. Inameza mashimo. Unakaa wima kama uko kwenye kiti cha sebuleni, mikono haina mzigo, mgongo umenyooka. Mwalimu alisema hajawahi kufika shamba bila kiuno kumwuma mpaka siku ile. Tulipofika nikapima siti: sentimita 83 tena, safari hii si kwa sponji bali kwa kuzaliwa. Alishuka kwa kunishika mabega mawili. Akaipapasa tanki kwa huruma, akasema, "Hii ni ya mtu mrefu mwenye bahati."

Kutoka Tanga mjini rafiki yangu akatuletea skuta ya Kijapani iliyotumika, zile ambazo Wazanzibari huziita vespa zote hata kama Vespa yenyewe haijui. Haina gia, haina klachi, breki zote mbili ziko mikononi kwa hiyo miguu yote miwili iko huru. Hata hilo tatizo la mguu wa kulia kufungwa na breki linakwisha. Huvuki mguu juu ya kitu chochote. Unaingia kama unayeingia mlangoni, na gauni lako. Dakika tano tu akawa anaizungusha ua wa gereji peke yake, anasimama, anaondoka, anasimama. Angekuwa mkazi wa Tanga mjini, au Unguja ambako mama mtu mzima akienda kazini kwa vespa hakuna anayegeuza shingo, kisa kingeishia hapa na ningekuwa nimeandika nusu ukurasa.

Lakini magurudumu yale ni ya inchi 10. Kwenye lami hayana neno. Kwenye barabara ya shamba, shimo ambalo gurudumu la inchi 17 linalipita juu juu, gurudumu dogo linazama ndani yake na kutoka kwa kupiga. Nilikwenda nayo mwenyewe kwanza. Kwenye yale mawimbi ya udongo mkavu kabla ya daraja la magogo, meno yaligongana. Kwenye mchanga wa korongo gurudumu la mbele lilichimba, usukani ukageuka wenyewe, nikashuka bila kupenda. Kingine nilichokiona ni kwamba siti ilikuwa sentimita 74, chini kabisa ya 79 za kiwandani za ile cc 150, ila sakafu yake ya kuwekea miguu ni pana, kwa hiyo mguu ulilazimika kuizunguka. Wayo wa Mwalimu uligusa chini vizuri, lakini si kwa zile sentimita zote nilizozitarajia. Tuliirudisha kwa majonzi. Kwa majonzi ya Mwalimu hasa.

Ndipo nikaikumbuka Cub.

Vijana wengi hapa hawaijui, au wanaijua kama kichekesho. Wazee wanaiita Honda 50 au Honda 90. Kampuni ya Honda ilianza kuiuza Super Cub mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kimeifikia. Husimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka kijana anayepeleka tambi kwa wateja aweze kuendesha kwa mkono mmoja, sinia likiwa kwenye mkono wa pili. Iwe alisema au hakusema, pikipiki yenyewe ilitoka hivyo: mkono wa kushoto hauna klachi. Ndani ya injini kuna klachi inayojishika yenyewe kwa mzunguko. Injini ikienda polepole inaachia, ukitia mafuta vyuma vyake vinatanuka na kushika. Gia unabadili kwa mguu, ila huzimiwi. Ng'ombe wangepita hata mia.

Niliipata kwa mtu mjini Tanga, 90 iliyotumika, yenye kabureta, stata ya umeme pamoja na kiki, gia tatu. Shilingi milioni moja na laki sita baada ya kubishana chai mbili. Nilipoishusha kwenye kirikuu mbele ya nyumba ya Mwalimu alisimama mlangoni akacheka. "Hii si ndiyo aliyokuwa akija nayo mganga wa zahanati tulipokuwa watoto?" Ndiyo hiyo hiyo, Mwalimu.

Safari hii sikumruhusu kuiwasha. Saa nzima, ufunguo mfukoni mwangu. Kwanza aitoe ndani mwenyewe, kinyumenyume, kuvuka kizingiti, kwa sababu kila asubuhi ya maisha yao pamoja ndivyo siku itakavyoanza. Ile cc 150 alikuwa akiitiwa majirani. Hii haifiki kilo 100. Ikakwama kizingitini, akaisukumasukuma mbele na nyuma mara mbili, ikatoka. Kisha apande na ashuke mara kumi, na gauni. Mguu unapita katikati, mbele ya siti, pale palipoinama. Mara ya saba akanikaripia kwamba ameelewa, niache kumhesabia.

Kisha stendi mbili. Hapa ndipo wazee wengi wanapoumia mgongo, kwa kuinua. Stendi mbili haiinuliwi. Unasimama kushoto, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye karia, unaishusha stendi kwa kiatu mpaka miguu yake yote miwili iguse ardhi kwa pamoja; utaisikia pikipiki ikiacha kuyumba. Halafu unapanda kwa uzito wako wote juu ya kile kikanyagio kama unayepanda ngazi, na mkono wa karia unaelekeza tu. Pikipiki inarudi nyuma na kukaa. Tatizo: kukanyaga ni kwa mguu wa kulia, na wakati huo mguu wa kushoto, wa goti bovu, ndio uliosimama. Alifanya, akakunja uso. Tukakubaliana kwamba siku ambazo goti linalia atumie stendi ya pembeni na kibao cha ubao chini yake ili isizame kwenye udongo laini.

La mwisho nililaza pikipiki chini, upande wa kushoto, ufunguo ukiwa bado kwangu. "Iinue." Mpwa alishtuka, akataka kusaidia, nikamzuia. Ukitaka kuinua kwa mikono na mgongo utaumia. Unaigeuzia mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja unashika mkono wa usukani, wa pili unashika karia, unachuchumaa kadiri goti linavyoruhusu na unarudi nyuma kwa hatua fupi fupi. Ile kubwa asingeweza, hilo tulilijua. Hii alijikaza kisabuni, akaivuta, ikapanda nusu, ikarudi. Akapumua. Akaivuta tena ikasimama. Hakusema kitu. Aliipangusa vumbi, akanyoosha mkono niupe ufunguo.

Siti yake nilipima 74, sawa na ile skuta. Tofauti ni kiuno chake chembamba: miguu inashuka moja kwa moja, wayo wa kushoto unatua wote hata pembeni mwa barabara palipoinama. Magurudumu ni inchi 17, kwa hiyo tyubu za bodaboda zinaingia. Ngao za miguu zinazuia tope. Na cheni imefunikwa yote ndani ya boksi lake, jambo ambalo kwa mwanamke wa gauni na kanga naliweka juu kuliko uwezo wa injini. Kila fundi wa barabarani amewahi kukata nguo iliyomezwa na cheni, na si kila mara ilikuwa nguo peke yake.

Sina sababu ya kuipaka mafuta. Breki zake ni ndogo, za ngoma mbele na nyuma, na ile ya mbele ina tabia ya kushangaza: ukiishika, pua haizami kama pikipiki nyingine, inainuka kidogo, na mwanafunzi anadhani breki imekufa akaiachia. Tulitumia alasiri nzima kwa hilo tu. Ukikanyaga gia huku umetia mafuta mengi, inakurusha. Tanki ni dogo, taa yake usiku ni ya kutafutia kuku. Mlima wa kwenda shamba inaupanda kwa gia ya pili ikilalamika, na abiria mzima mgongoni hapo isahau. Baadhi ya spea naagiza Dar es Salaam na kusubiri. Niliyemshauri cc 150 kwa ajili ya spea ndiye sasa ninayesubiri vifurushi stendi, na naona ni adhabu ya haki.

Ile ya kwanza iliuzwa siku mbili baada ya kutangazwa kijiweni. Tukijumlisha kushuka bei, indiketa, mkono wa klachi na sponji, makosa yangu yalimgharimu Mwalimu laki tatu na nusu. Gharama ya matengenezo ya mwaka wa kwanza silipishi.

Mafunzo tuliyaanza upya, tukayapindua. Wiki mbili za mwanzo hakwenda mbali zaidi ya mita thelathini: ondoka, simama, mguu chini, ondoka, simama kwenye mwinuko, mguu chini, zunguka bila kugusa ukingo wa barabara. Alichukua leseni ya kujifunzia, akabandika L, akamaliza mafunzo, akafanya mtihani wa polisi pamoja na vijana walioweza kuwa wajukuu zake. Macho alipima kabla. Miwani yake ya sehemu mbili ilikuwa inamtia ukungu kila alipotazama shimo lililo karibu na gurudumu, akatengeneza nyingine ya kuonea mbali tu kwa ajili ya kuendeshea. Helmeti tulijaribu nyingi, tukakuta kwamba inayofunika uso wote haimruhusu kuvaa miwani bila kuipinda masikio. Akachukua ile ya kidevu kinachofunguka juu.

Ni miezi minane sasa. Barabara kuu ya Segera kwenda Tanga haendi nayo, tulikubaliana. Mabasi yale na kale ka-90 havilingani. Akiwa na safari ya Tanga anaiacha kwa muuza mbolea karibu na stendi, anapanda daladala. Masika yalipoanza alianguka mara nyingine, kwenye udongo mwekundu, kwa mwendo wa kutembea. Hakuniambia. Nilijua kwa kuona kioo cha pembeni kimebadilishwa na si mimi niliyekifunga.

Mgogoro uliopo ni wa karia. Msimu wa machungwa umefika, nikamchomelea karia ya tenga moja, nikamweleza kwa nini: uzito ukizidi nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi, na mlima ule gia ya pili haitautosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa, mwanangu." Jana imekuja kubadilisha oili ikiwa na karia ya matenga mawili, rangi bado mbichi, na mchomeleaji wa jirani amekataa kuniambia ni nani aliyemtuma.